Nimepungukiwa pauni 1,600 kwa visa ya mume wangu. Mkopo wa ami utanisaidia?

MwanaMalindi (3 Agosti 2025)

Assalamu alaykum ndugu zangu, na wasio Waislamu habari zenu.

Niko Leicester mwaka wa kumi na moja, uraia wa Uingereza ninao. Nafanya kazi nyumba ya wazee, nalipwa kwa saa. Mume wangu yuko Unguja. Tulioana Januari 2021 nyumbani kwetu Malindi, na binti yetu sasa ana miaka mitatu. Babake anamjua kwa simu. Kila usiku kabla ya kulala anaibusu ile simu mpaka kioo kinajaa mate, halafu ananirudishia mimi niifute.

Mtaniuliza kwa nini sikuomba mapema. Mtoto alipozaliwa nilikuwa nafanya saa chache, sikufika hata kile kima cha zamani cha mapato ya mwaka cha kumleta mume, 18,600. Mwanzo wa 2024 nikarudi kazini sawasawa, nikawa nahesabu slipu zangu za mshahara moja moja. Zinatakiwa za miezi sita, nami nilikuwa nazo tatu tu pale walipopandisha kima, tarehe 11 Aprili 2024, ikawa 29,000. Siku ile nililia kwenye basi. Kisha nikaona watu wanasema itapanda tena mpaka 38,700, nikakata tamaa kabisa. Baadaye serikali mpya ikausimamisha ule mpango, na kima kimebaki 29,000 mpaka leo.

Sasa jana usiku nimezitandaza slipu sita kitandani, kabla ya makato:

Februari 2,310. Machi 2,080 (ilikuwa Ramadhani, nilipunguza shifti za usiku nipate tarawehe). Aprili 2,455. Mei 2,190. Juni 2,520. Julai 2,145.

Jumla 13,700. Nikizidisha mara mbili napata 27,400 kwa mwaka. Nimepungukiwa 1,600.

Mwenzangu mmoja kazini kaniambia pengo linazibwa kwa akiba: unachukua unachopungukiwa, unazidisha kwa 2.5, unaongeza 16,000. Kwangu mimi ni 4,000 na 16,000, jumla 20,000. Nilidhani kakosea. Nikamuuliza mara ya pili: ili nizibe 1,600 niwe na elfu ishirini? Kasema ndivyo.

Mie nina 6,000, nimezikusanya miaka minne, nyingine ni za upatu. Ami yangu yuko Muscat, kasema atanikopesha 14,000, niziweke benki, visa ikitoka nimrudishie. Ni mtu mwema, hataki faida wala maandishi. Lakini moyo wangu hautulii.

Pia tangu Mei nafanya usafi ofisini asubuhi za Jumamosi na Jumapili, kama 390 kwa mwezi. Na mume wangu ana duka la vipuri vya pikipiki Mwanakwerekwe, linamlipa vizuri kwa pale. Je, hivi havihesabiwi?

Nisaidieni jamani. Ramadhani ijayo nataka tufuturu meza moja.

KakaCoventry (3 Agosti 2025)

Wa alaykum salaam dada. Hesabu yako ni sahihi na mwenzako hajakosea. Asiye na mshahara kabisa anatakiwa aonyeshe akiba ya 88,500, ni hesabu hiyo hiyo.

Nianze na ami, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoharibikiwa. Mkopo haukubaliki. Pesa za akiba lazima ziwe zako au za mumeo au zenu wote wawili, mnazitawala wenyewe, na ziwe zimekaa miezi 6 kamili kabla ya kuomba. Tena mnatakiwa mseme zimetoka wapi. Ami angekuwa anakupa zawadi, asiyotaka irudi, hilo linaruhusiwa, lakini nayo ikae miezi 6. Sasa wewe umeandika hapa kwamba utamrudishia. Ukitia sahihi kuwa ni zawadi utakuwa umedanganya, na uongo kwenye ombi la visa unaweza kumfungia mumeo mlango kwa miaka 10. Mshukuru ami, mwambie abaki na pesa zake.

Duka la mumeo: mapato yake ya huko hayahesabiwi, hata angekuwa anaingiza zaidi yako. Yataanza kuhesabiwa akishafika na kufanya kazi hapa, kwa hiyo mwaka wa tatu mkiomba kuongeza muda mtajumlisha mishahara yenu wawili. Akiba yake benki inahesabika leo, akiwa nayo.

Na hizo 6,000 zako usizipangie kazi ya akiba. Ada ya ombi kutoka nje mwaka huu wa 2025 ni 1,938. Ada ya afya ni 1,035 kwa mwaka, na kwa visa ya kwanza wanachukua ya miaka 3, yaani 3,105. Jumla 5,043 kabla mumeo hajalipia mtihani wa Kiingereza, kipimo cha kifua kikuu na tiketi ya ndege. Pesa zako zina kazi tayari.

Sasa swali: ile ya usafi, unalipwa vipi? Una slipu? Inaingia benki?

MwanaMalindi (3 Agosti 2025)

Ahsante sana kaka. Hilo la ami nimelisoma mara mbili na nimeshampigia simu. Kasema afadhali umeuliza.

Usafi: Mei na Juni nililipwa mkononi, kwenye bahasha. Pesa zile sikuziweka benki, nilimtumia mama moja kwa moja. Julai ndiyo wameanza kuingiza benki na kunipa slipu.

Akiba ya mume haipo, yote iko dukani kwenye vipuri. Kwao Pemba kuna shamba la mikarafuu, lakini ni mirathi ya ndugu saba na haijagawiwa. Hatuligusi.

KakaCoventry (4 Agosti 2025)

Basi miezi ya bahasha isahau. Mshahara lazima uonekane mara mbili, kwenye slipu na kwenye taarifa ya benki. Na kazi ya pili ili ijumlishwe kwenye njia yako hii lazima uwe umeifanya miezi 6 yenye ushahidi. Ukianzia Julai utakamilisha mwisho wa Desemba. Utaomba Januari, jibu kwa kawaida huchukua hadi wiki 12. Ramadhani inaingia katikati ya Februari. Haitawahi.

Lakini rudi kwenye slipu zako. Wewe unalipwa kwa saa, si mshahara uleule kila mwezi. Mwenye mshahara wa kudumu wanachukua kiwango chake cha chini kabisa ndani ya miezi 6. Wewe wanachukua wastani: jumla ya miezi 6, gawanya kwa 6, zidisha kwa 12. Na miezi sita yenyewe si lazima iwe Februari hadi Julai! Inahesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya kuomba. Ukisubiri hadi mwanzo wa Oktoba, Februari na Machi zinatoka, zinaingia Agosti na Septemba.

Aprili 2,455, Mei 2,190, Juni 2,520, Julai 2,145: tayari una 9,310. Unahitaji 14,500, nusu ya 29,000. Zimebaki 5,190, yaani 2,595 kwa Agosti na 2,595 kwa Septemba. Juni ulipata 2,520 bila kujua kama kuna kitu kinakungoja. Huhitaji ami wala elfu ishirini. Unahitaji shifti mbili tatu zaidi kwa miezi miwili.

Ndiyo maana nakushauri fikiria kuiacha ile ya usafi. Saa moja unayofanya kwa wazee inahesabiwa mara tu ikishaingia kwenye slipu. Saa moja ya usafi itahesabiwa Januari. Zote zinakuchosha sawasawa.

MamaTemeke (4 Agosti 2025)

Kaka kamaliza upande wa hesabu. Mimi niongeze upande wa karatasi, maana mwaka 2019 mume wangu alinyimwa na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Kima kilikuwa 18,600 na mimi nilikuwa na zaidi ya 21,000. Katikati ya ile miezi sita nilihamisha mshahara kutoka benki moja kwenda nyingine. Nikatuma taarifa za benki mpya tu, kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo kwenye simu. Mshahara wa miezi miwili ukawa upo kwenye slipu lakini benki hauonekani. Barua ya kukataa ilikuwa na kurasa nne, nami nilihitaji sentensi moja tu. Ada ya ombi, 1,523 wakati ule, haikurudi. Ya afya walirudisha. Tukaanza upya, tukakaa mbali mwaka mwingine mzima.

Kwa hiyo dada, keti na slipu zako na taarifa za benki pamoja. Kila slipu weka kidole kwenye kile kiasi kinachobaki baada ya makato, kisha kitafute benki, senti kwa senti. Kama slipu inasema 2,061.38, benki iseme 2,061.38. Kisichokutana, uliza ofisi ya mishahara sasa hivi, si mwezi wa kumi.

Barua ya mwajiri usiiache wakuandikie wanavyotaka. Lazima ithibitishe kuwa unafanya kazi pale, kiasi unacholipwa kwa mwaka kabla ya makato, umeanza lini, umelipwa kiwango hicho tangu lini, na kama ajira ni ya kudumu, ya muda au ya wakala. Niliwaandikia mfano, wakanakili. Hawachukii, inawarahisishia.

Na tarehe: taarifa ya benki ya mwisho isiwe na zaidi ya siku 28 siku mnayotuma ombi. Cheti cha kifua kikuu nacho ni cha miezi 6, asikimbilie kupima sasa.

Kuhusu upatu, kama hizo pesa huzitumii kuonyesha akiba hazina shida. Lakini pesa nyingi zikiingia siku moja wanaweza kuuliza, kwa hiyo weka maandishi ya nani alikuwa mweka hazina na mlikuwa wangapi.

BiMkubwa_Northampton (5 Agosti 2025)

Mwanangu, nimelea wazee miaka 19. Ninajua 2,595 kwa mwezi maana yake nini mgongoni. Kwa kima cha chini cha mshahara cha mwaka huu wa 2025, 12.21 kwa saa, mtu akifanya saa 40 kila wiki mwaka mzima hafiki hata 25,400. Yaani serikali inasema huyu kafanya kazi kamili, halafu inamwambia hana haki ya kuishi na mumewe. Hilo linaniuma na nitalisema kila mahali.

Ila shifti za ziada ukizichukua, chukua za mchana. Sheria inasema wastani usipite saa 48 kwa wiki, wanahesabu kwa wiki 17, na kazi zako zote zinajumlishwa. Wakikupa karatasi ya kukubali kuzidisha, una haki ya kutotia sahihi. Mtoto analala kwa nani ukiwa kazini?

MwanaMalindi (5 Agosti 2025)

Kwa khalati yangu, shikamoo bi mkubwa. Yuko mtaa wa pili, namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Nimewaandikia wale wa usafi leo, naacha wiki ijayo. Meneja wa nyumba ya wazee nimemwambia ukweli wote, nikamwonyesha na ile hesabu. Kanipa Jumamosi mbili na ile Jumatatu ya sikukuu mwisho wa Agosti, ambayo wanalipa zaidi. Slipu na benki nimezilinganisha. Ya Mei ilipishana kwa pauni 18, kumbe walikata sare ya kazi mara mbili. Watanirekebishia kwa barua.

MwanaMalindi (2 Oktoba 2025)

Narudi kama nilivyoahidi.

Agosti 2,690. Septemba 2,705. Jumla ya miezi sita 14,705, kwa mwaka 29,410.

Barua ya mwajiri imetoka jana, na ile ya pauni 18 imeambatanishwa. Mtihani wa Kiingereza alishafaulu. Jumanne mume wangu anapanda boti ya asubuhi kwenda Dar kupimwa kifua, na cheti kikitoka tu tunatuma ombi. Tuna hadi tarehe 28 kabla taarifa ya benki haijachacha. MamaTemeke, nimeweka kidole kwenye kila slipu, nikarudia na khalati akiwa msomaji, mimi nikiwa na kalamu. Zote sita zimekutana.

Binti amechora boti nyuma ya nakala ya slipu ya Machi, ile isiyohitajika tena. Nimempigia picha nikamtumia babake.