Gego linanitesa usiku, karafuu inatumiwaje?

MamaSalma, Tanga
Habari zenu wapendwa. Gego la chini limetoboka, leo usiku wa tatu silali. Nikiweka tu kichwa kwenye mto linapwita mpaka sikioni. Kliniki nimepangiwa Jumatatu. Jirani kaniambia karafuu. Jana nikatafuna punje sita kwa mpigo, shavu lote la ndani limebabuka. Nakosea wapi? Na mwanangu anaota meno, naweza kumpaka?

BintiWete
Pole sana dada. Nimekulia Pemba, karafuu zikianikwa majamvini mlangoni kwetu. Sita ni nyingi mno, moja yatosha. Ibonyeze kwa ukucha: ikitoa mafuta ni nzima, ikiwa kavu kama njiti iache. Sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kisha iweke kati ya gego na shavu. Usitafune. Iache ilainike kwa mate, ndipo uibane taratibu. Ganzi ikishaingia, iteme. Lalia mito miwili, kichwa kikiwa juu lile pwitapwita linapungua.

Ukipata mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kama yale yanayokamuliwa Wawi kwetu Pemba, usiyaweke matupu, yanaunguza. Tone moja kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, chovya pamba, gusa jino tu.

Ila Jumatatu nenda, nakuomba. Mimi nilipata nafuu nikaahirisha miezi miwili, jino ambalo lingezibwa likaishia kung'olewa.

TabibuMeno
Kinacholeta ganzi ni yujenoli, kemikali iliyomo kwenye karafuu, nasi kliniki tunaichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Inatuliza, haiondoi uozo. Shavu au taya likivimba, ukapata homa, ukashindwa kufungua mdomo au kumeza, usingoje Jumatatu, nenda hospitali usiku huohuo.

Mtoto usimpake kabisa. Mafuta ya karafuu akiyameza, hata kijiko kimoja cha chai, yanaweza kumdhuru vibaya. Mpe kitambaa safi kilicholowa maji baridi atafune.

MamaSalma, Tanga
Ahsanteni sana. Nimebonyeza za kwenye kopo langu: nne kavu, ya tano ndiyo imelowesha ukucha. Ninayo mdomoni sasa, upande wa gego umeanza kufa ganzi. Mtoto kakamata kitambaa chake hataki kukiachia. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa kliniki.