Nimepata kazi ya melini kupitia Bab-el-Mandeb. Nisaini?

BahariaLikoni: Assalaam aleikum wakuu. Nimeitwa kazi, kontena za chai kutoka Kilindini hadi Port Sudan. Mshahara si haba. Mamangu tangu asikie Bab-el-Mandeb, ule mlango wa bahari kati ya Yemen na Djibouti, hata chakula hakipiti. Ajenti aniambia Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen, wanatisha tu, eti makombora yenyewe ni ya masafa mafupi. Mwasemaje?

NahodhaMstaafu: Waaleikum salaam mwanangu. Hayo "masafa mafupi" yasikughilibu. Kombora la balistiki, lile lirushwalo juu kisha likaangukia shabaha, huitwa hivyo likiwa haliendi zaidi ya kilomita 1,000, na mlango ule wa bahari upana wake ni kilomita 30 hivi. Machi 2024 meli ya True Confidence ilipigwa na kombora la balistiki Ghuba ya Aden, mabaharia watatu wakafa. Likisharushwa mna dakika chache, na meli ya mizigo haina pa kukwepea.

Mchambuzi_Kisauni: Ila kutisha ndiyo kazi yake hasa. Lori lililobeba kombora linatoka mafichoni, linarusha, linapotea. Mwaka 1991 ndege za Marekani na wenzake zilisaka malori ya kurushia makombora ya Scud huko Iraq usiku na mchana, na hakuna ushahidi wa uhakika kwamba zilivunja hata moja. Kwa hiyo jirani mwenye jeshi kubwa hufikiri mara mbili. Pakistani nayo ina kombora la Nasr, masafa kilomita 60 hivi tu, ili India isithubutu kuvusha vifaru mpakani.

BintiMjiWaKale: Ya Pakistani sawa. Lakini ukishapiga meli ya watu hapo huzuii vita, washachokoza. Bima ikapanda, meli zikakimbilia Rasi ya Tumaini Jema.

TuktukBamburi: Si naye azunguke huko huko?

NahodhaMstaafu: Mombasa hadi Port Sudan kwa kuzunguka Afrika nzima, Gibraltar, kisha Suez? Chai itafika imeota ukungu 😂

Baharia, uliza mambo mawili. Mwenye meli ni nani, maana Wahouthi wamekuwa wakichagua kwa kuangalia uhusiano na Israel, Marekani au Uingereza. Pili, kuna mkataba unaotambuliwa na ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi? Mikataba hiyo, eneo likitangazwa la vita, hukupa haki ya kukataa kuingia na kurudishwa kwenu kwa gharama ya kampuni. Ukikubali kupita, kuna nyongeza ya mshahara na fidia maradufu.

BahariaLikoni: Shukran mzee. Nimempigia ajenti sasa hivi. Ati mkataba nitauona nikishapanda meli.

NahodhaMstaafu: Basi usipande.