Nimelipishwa mara mbili mgahawani mbele ya mama mkwe, nifanyeje?

Mtu_Kwao: Wakuu habari za muda huu. Usingizi sina na kesho naingia kazini saa moja.

Jumapili nilimtoa mama mkwe na familia kwenye mgahawa wa piza hapa Dar, jina nalihifadhi, wana matawi kadhaa. Tumesubiri saa moja na dakika ishirini. Piza imekuja jibini limeshaganda, ukivuta kipande kimoja piza nzima inakufuata. Tukavumilia. Tunatoka, meneja ananiita kwa sauti, "Baba, bili bado!" Nikamwambia nimeshalipa. Hataki kusikia, mlinzi keshasimama mlangoni. Ikabidi ilipwe tena, 86,000.

Nina video ya sekunde 40, sura ya meneja inaonekana vizuri. Niende Tume ya Ushindani au niirushe mtandaoni?

Kisiki_Mkavu: Piza ni chapati iliyomwagiwa nyanya. Kwa 86,000 mama mkwe angekula kuku wa kienyeji na mwingine ukamfungia aondoke naye. Mnapenda kujitesa.

Binti_Makorora: Pole kaka. Mimi niliwahi kukuta unywele kwenye biriani, mrefu, wa kusuka kabisa. Mkaka niliyekuwa naye akala sahani yangu na yake, hakusema kitu. Ndiye mume wangu sasa, ana watoto watatu na bado anakula chochote.

Wakili_wa_Kijiweni: Tuache biriani. Kumlinda mlaji kumo kwenye Sheria ya Ushindani ya 2003, malalamiko peleka. Video iache. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16: ikionekana umesambaza uongo, faini haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Umesema ulilipa. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iko wapi?

Mtu_Kwao: Risiti hawakutoa. Ndiyo huduma mbovu ninayosema.

Wakili_wa_Kijiweni: Ulilipa kwa nini? Taslimu, kadi, Lipa Namba?

Mtu_Kwao: Simu.

Mama_Wawili: Simu kwa nani, baba? Ujumbe wa muamala una jina. Soma jina.

Mtu_Kwao: Sawa. Nilituma kwenye namba ya mhudumu. Alisema mashine inasumbua, halafu akanong'ona, "Bosi, tukitoa ile asilimia 18 ya VAT inabaki kama 72, wewe nipe 70 tumalizane." Nikatuma 70,000. Kufika mlangoni hayupo, wanasema zamu yake imeisha. Simu kazima. Nani humu hajawahi kuambiwa "na risiti au bila risiti" akachagua bila? Tusijifanye malaika.

Mzee_Ngazija: Kumbe! Kijana, hukuibiwa, mliiba wawili na mwenzako akakimbia na fungu lako. TRA wameimba mpaka sauti zimekauka, ukinunua dai risiti. Huko Tume utawaambia nini, kwamba mlipanga kukwepa VAT ikagoma?

Kisiki_Mkavu: Kwa hiyo kwa kukwepa 16,000 umelipa 156,000. Hesabu hizi hata Buguruni hatuna.

Mtu_Kwao: Iliyoniuma siyo hela. Salio langu halikutosha mara ya pili. Mama mkwe alifungua fundo la kanga akahesabu noti za elfu kumi, moja moja, juu ya kaunta. Hajaniambia neno mpaka leo.

Binti_Makorora: Yesu wangu.

Jicho_la_Tatu: Mods njooni, hii ni chai. Kwanza piza wengi wanalipia kaunta kabla. Pili, mwezi uliopita huyu huyu alifungua uzi wa mirathi, akasema mama mkwe wake alifariki 2021. Sasa nani amefungua kanga?

Kisiki_Mkavu: 😂😂 Leteni vitumbua.

Mtu_Kwao: Aliyefariki ndiye aliyemzaa wife. Huyu ni mdogo wake, ndiye aliyemlea. Kwenu mama mdogo siyo mama mkwe? Na pale mnahudumiwa mezani, bili inakuja mwisho.

Mzee_Ngazija: Kwa hilo la mama mdogo yuko sahihi.

Jicho_la_Tatu: Vitumbua viendelee.

Aliyewahi_Kuhudumu: Nimebeba sahani miaka minne. Bili isipolipwa huwa tunakatwa kwenye mshahara. Huyo kijana ana sababu ya kuzima simu, lakini zamu atarudi tu. Nenda asubuhi, ukae na meneja taratibu, mwonyeshe muamala. Video hujairusha, sivyo?

Mtu_Kwao: Mtandaoni bado. Status ya WhatsApp tu, toka jana.

Mama_Wawili: Mama mkwe anaona status zako?

Mtu_Kwao: Ameiona. Ndiye wa kwanza.

Mtu_Kwao: Mhudumu kapiga sasa hivi. Anasema anarudisha 40, zingine kashalipia kodi ya chumba, ila nifute status kwanza. Nifute au nisubiri ziingie?

Mama_Wawili: Futa, umpelekee mama hela yake.

Kisiki_Mkavu: Ziingie kwanza.