Mjadala: Nakala za michoro ya ukoloni zinafaa kutundikwa nyumbani?

Mwanamada
Siku hizi michoro ya kale ya ukoloni inanakiliwa kwa mkono, rangi ya mafuta juu ya turubai, na kuuzwa kwa yeyote anayeagiza. Mmojawapo ni ule wa Thomas Jones Barker wa miaka ya 1860, "The Secret of England's Greatness", ambao wenyewe umehifadhiwa National Portrait Gallery, London: Malkia Victoria anamkabidhi Biblia Mwafrika aliyeinama mbele yake, huku wakubwa wa serikali wakitazama. Anayeagiza nakala yake ili aitundike sebuleni anatunza historia, au anaulipia upya unyenyekevu ule?

Karani Mstaafu
Historia haifutwi kwa kung'oa msumari ukutani. Mchoro huo ni ushahidi wa mambo yalivyokuwa, na ushahidi hauchaguliwi kwa utamu wake. Kuhusu wanaonakili nisingejisumbua hata kidogo, kwa maana hao si wachoraji bali ni mashine zenye mikono.

Fundi Brashi
Shikamoo, Mzee Karani. Suala la ushahidi nawaachia wengine, ila hilo la mashine halinipiti kooni. Mimi ninanakili kwa riziki. Katika picha tunazotumiwa, vivuli vya michoro hii ya zamani huwa vimegeuka weusi mtupu, na aghalabu anayemezwa na weusi huo ni Mwafrika, kamwe si malkia aliyevaa nguo nyeupe. Ni mimi ninayeamua kama atakuwa na macho ya mtu anayewaza au atabaki doa la kahawia, na uamuzi huo haufanywi na mashine. Rubens mwenyewe, mchoraji mashuhuri wa Ulaya, alinakili kazi za Titian, mchoraji aliyemtangulia, wala hatujasikia akiitwa mashine.

Karani Mstaafu
Marahaba, kijana. Rubens alinakili ili ajifunze, nawe unanakili kwa sababu umepokea oda. Tusilinganishe mlima na kichuguu.

Binti Maktaba
Wazee na vijana, mnagombania brashi ilhali neno "ushahidi" limepita bila kuulizwa. Ushahidi wa nini? Hakuna kumbukumbu inayothibitisha kwamba Victoria aliwahi kumpa mtu Biblia kwa namna hiyo. Ni kisa kilichopendwa na wahubiri, kisha kikachorwa. Wapo wanaomhusisha huyo aliyeinama na Ali bin Nasr, liwali wa Mombasa, aliyetumwa Uingereza na Sultani Seyyid Said. Kama ndiye, basi Mwislamu aliyekwenda kama balozi amevishwa ngozi ya chui na kuinamishwa mbele ya Biblia. Vivyo hivyo mchoraji Benjamin West alimchora Robert Clive, wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, akipokea kutoka kwa mfalme Shah Alam haki ya kukusanya kodi ya Bengal mwaka 1765, ilhali West hakuwahi kukanyaga India. Anayenakili kazi kama hizi hanakili tukio, ananakili madai.

Karani Mstaafu
Dada, madai ya wakati ule nayo ni historia. Nimefanya kazi na nyaraka kabla ya wengi wenu kujua kusoma, kwa hiyo sihitaji kufundishwa maana ya ushahidi.

Mwana wa Shaba
Hapa umri hauamui kitu, Mzee. Katika mji wa Lubumbashi, Kongo, miaka ya 1970 wachoraji, akiwemo Tshibumba Kanda Matulu, walirudia mara nyingi picha moja, "Colonie belge": mfungwa anachapwa viboko, bendera ya Ubelgiji inapepea, mkoloni anatazama. Wateja wao wakubwa walikuwa Wakongo wenyewe, na waliitundika mahali pa kupokelea wageni kwa ajili ya ukumbusho. Kwa hiyo si kila anayetundika mateso ukutani anayashangilia. Tofauti ni kwamba pale aliyeshika brashi alikuwa mtoto wa aliyechapwa.

Fundi Brashi
Nami ni mtoto wa nani, ndugu yangu? Je, nikimnyoosha mgongo yule mtu wa Barker nitakuwa nimekosea? Mteja akitaka nimwondoe waziri mmoja ili picha iingie katika fremu yake, hakuna anayelia kwamba historia imeharibiwa.

Karani Mstaafu
Mnyooshe ukipenda, kwa kuwa Barker alikufa zaidi ya miaka 100 iliyopita na hakimiliki yake imekwisha. Ila uandike jina lako juu ya turubai, si lake, na usiiite nakala.

Binti Maktaba
Naona mashine imepewa ruhusa ya kutia sahihi. Hata hivyo jina halitoshi, Mzee. Mgeni huiona picha kabla hajasoma chochote, na malkia atakuwa bado anatoa zawadi ambayo hakuitoa.

Mwana wa Shaba
Basi mwondoe malkia, umwache Ali bin Nasr peke yake na vazi lake la Mombasa. Fundi, oda hiyo utaipokea?