Tati ndogo za krimu na beri bila oveni zinabomoka, naomba ushauri

Habari zenu wapishi wenzangu. Likizo ya kiangazi imefika, watoto wa dada yangu wanakuja, na kwa joto hili oveni siwashi ng'o. Nimejaribu tati (vikombe vidogo vya biskuti vinavyojazwa krimu na matunda) za kugandisha kwenye friji: nilisaga biskuti gramu 200, nikachanganya na siagi iliyoyeyushwa gramu 80, nikashindilia kwenye trei ya keki ndogo. Baada ya saa moja nikachomoa ya kwanza kwa ncha ya kisu. Ukingo wote ukabaki kwenye trei, mkononi nikawa na kitako tu. Siagi ilikuwa kidogo, au niliharakisha?

Krimu ndiyo iliyoniumiza zaidi. Ni ya mafuta asilimia 35, niliipiga ikasimama vizuri, lakini nusu saa mezani ikalegea, na stroberi nilizokata zikatoa maji mekundu hadi biskuti ikawa uji. (Tulizila hivyo hivyo, kwa kijiko.) Kuna anayechanganya jibini laini ili krimu ishike? Na kupaka chokoleti iliyoyeyushwa ndani ya biskuti kweli huzuia maji? Jelatini sitaki, maana hutokana na wanyama na mmoja wa wageni hali nyama. Wanafika Jumamosi, jamani.