Mhitimu anayesubiri ajira: ajitolee bila malipo, au huko ni kutumikishwa?

Mtumishi wa Makulu (mleta mada)

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo hili kwa utulivu. Mahafali yakishapita na joho likisharudishwa, mhitimu hurudi nyumbani, hufungua akaunti katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, hupakia vyeti vyake, na kuanzia siku hiyo kazi yake inakuwa kusubiri. Hoja yangu ni kwamba kipindi hicho, hata kikifika miaka 3, ndicho kipindi kirefu zaidi cha muda huru atakachokipata kabla ya kustaafu, na kwamba matumizi yake yaliyo bora kuliko yote ni kujitolea katika fani aliyosomea, hata kama halipwi shilingi moja. Mimi nilijitolea miezi 14 katika ofisi ya halmashauri moja, nikipanga majalada na kuandika mihtasari ya vikao, na nilipoitwa kwenye usaili nikaulizwa dokezo sabili, yaani ule ujumbe wa maandishi wa ndani ya ofisi, linaandikwaje, nilijibu bila kufikiri, kwa kuwa nilikuwa nimeyaandika madokezo hayo mpaka ndotoni. Hata hivyo, vijana wengi wa leo huona heri kukaa sebuleni kwa shemeji, rimoti mkononi, wakisikilizia chakula kiive. Karibuni kwa hoja.

Kijana wa Nzega

Mleta mada, shikamoo kama umenizidi umri. Nilikuwa nakusoma vizuri mpaka nilipofika kwenye neno "shemeji". Mimi naishi kwa shemeji, Kigamboni, huu ni mwaka wa pili, na napenda ufahamu kwamba rimoti ya nyumba hii ina mwenyewe, naye ana umri wa miaka 6. Mtu anayeishi kwa shemeji hana hiyo starehe unayoisema. Kitanda chako ni kochi, kwa hiyo hulali mpaka mgeni wa mwisho aage, na huwezi kuamka baada ya mwenye nyumba. Ukishikwa na homa unaugua kwa adabu. Hayo ya kujitolea wengine watakujibu, lakini hilo la rimoti ulifute.

Mhasibu wa Mtaa

Tuache rimoti, tupige hesabu. Kijana anayeishi Chanika au Mbagala na kujitolea katikati ya Jiji hupanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Nauli ya safari fupi kabisa, ile isiyozidi kilomita 10, ni shilingi 600, kwa hiyo hata tukimpunja na kuchukulia kwamba magari yote manne ni ya nauli hiyo, anatumia 2,400 kwa siku, ambazo kwa siku 22 za kazi ni 52,800. Akila wali maharage wa 2,000 mchana, mwezi unafika 96,800. Kwa miezi 14 ya mleta mada, jumla ni shilingi 1,355,200. Swali langu ni moja tu: fedha hizo anazitoa nani? Asiye na mshahara hatoi muda wake peke yake, anatoa na fedha za familia yake.

Mkongwe wa Kihonda

Vijana wa sasa mnapigia hesabu hata salamu. Sisi tulifundishwa kulitumikia Taifa kwanza, na mshahara baadaye. Mwaka 1967 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliokataa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa walifukuzwa na Mwalimu Nyerere mchana kweupe, wakarudi vijijini kwao kushika majembe, na hakuna mzazi aliyeandika malalamiko popote. Naunga mkono hoja ya mleta mada asilimia 100.

Msomaji wa Magomeni

Mzee wangu, shikamoo. Naomba nirekebishe, maana mfano huo unatajwa kila siku na kila siku unatajwa kwa kupinda. Ilikuwa Oktoba 1966, na waliofukuzwa walikuwa karibu 400. Walichokipinga hasa ni masharti: utumishi wa miaka 2, ambapo kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho mhitimu angelipwa asilimia 40 tu ya mshahara wake wa kawaida. Baada ya kuwasikiliza pale Ikulu, Mwalimu aliwarudisha makwao, na papo hapo akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Sasa tazama mfano wako unakokupeleka. Wale waliolalamika, ambao mpaka leo tunawaita mabwanyenye, walikuwa wameahidiwa asilimia 40. Huyu wa Chanika anaambiwa apokee sifuri na ashukuru.

Mkongwe wa Kihonda

Marahaba, mwanangu, lakini neno "kupinda" hulisemi mbele ya mtu aliyekuwepo. Nilikuwa darasa la tatu, redio ilikuwa moja mtaa mzima, na wanafunzi wawili kati ya hao nawafahamu kwa sura kwa sababu walirudi kwetu. Kama nimekosea mwaka, ni mwaka mmoja. Na kwa nini hulitaji Azimio la Musoma la 1974, ambalo baada yake mtu aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa akafanye kazi kwanza ndipo afikiriwe kuingia Chuo Kikuu? Kijana alifika darasani akijua tofauti ya stoo na ofisi.

Msomaji wa Magomeni

Silikatai hilo, mzee, na sijakusudia kukuvunjia heshima. Neno moja tu: hiyo ilikuwa kazi ya ajira, yenye mshahara.

Mtumishi wa Makulu (mleta mada)

Naona mjadala unanielemea kwa sababu ya neno moja. Sikumtukana mtu. Shemeji ni mfano, na angeweza kuwa mjomba, shangazi au kaka mkubwa. Nilichokisema ni kwamba nyumbani hakuna kazi, na mwili usio na kazi unazoea.

Dada wa Tegeta

Kaka yangu mleta mada, unasema nyumbani hakuna kazi? Basi nyumba zenu zinajiosha zenyewe.

Nilimaliza shahada ya ualimu, masomo ya Hisabati na Jiografia, nikaenda kukaa kwa kaka yangu. Dada wa kazi alikuwepo nilipofika, na wiki ya tatu akaambiwa apumzike kidogo kijijini kwao, kwa kuwa "shangazi mtu yupo". Hakurudi tena. Nikawa naamka saa 10 alfajiri, naanza na uji wa watoto, kisha sare mbili napiga pasi kabla umeme haujakatika, na saa 11 na nusu nasimama barabarani na wa darasa la kwanza tukisubiri gari la shule. Nikirudi ni vyombo, kufagia uwanja, mboga, mchana, nguo, jioni. Mdogo wetu wa kiume, aliyemaliza chuo mwaka uleule na kukaa nyumba ileile, alikuwa akiitwa "anasubiri ajira". Mimi nilikuwa naitwa nikachukue ndoo.

Sasa nije kwenye kujitolea, maana nalo nimelifanya. Shule moja ya kata ilinipokea kwa mikono miwili, nikapewa vipindi 26 kwa wiki vya Hisabati, kidato cha kwanza mpaka cha tatu, na posho ya 50,000 kutoka michango ya wazazi, pale ilipopatikana. Siku ya kwanza ya posho nilikuta 40,000 katika bahasha. Nikadhani wamekosea, nikaulizia, nikaambiwa 10,000 imekatwa mchango wa chai ya walimu, kwa sababu nami nakunywa chai. Ni kweli nilikuwa nakunywa, kikombe kimoja na kitumbua kimoja, sawa na mwalimu mwenye mshahara. Nilikaa mwaka mmoja na nusu. Zilipotangazwa nafasi, na walimu nasi siku hizi tunafanyiwa usaili, nilibeba barua yangu ya kujitolea ndani ya bahasha ya plastiki ili isikunjwe, na hakuna aliyeniomba kuiona. Sijutii kuwafundisha wale watoto. Ninalolikataa ni kuambiwa kwamba huo ulikuwa muda huru.

Kijana wa Nzega

Dada, pole. Mimi vyombo naosha, naomba iandikwe.

Shemeji Halisi

Nimevumilia kuanzia juu, sasa naomba nizungumze kwa niaba ya mashemeji, kwa kuwa humu tunatajwa kama samani za ndani. Ninaishi na mdogo wa mke wangu, mhitimu wa uhasibu, mwaka wa tatu unakwenda. Sijawahi kumhesabia sukari, na chakula simnyimi. Nina duka la vifaa vya ujenzi, dogo, nondo na saruji na misumari ya kupima kwa kilo, na vitabu vyake vya mauzo naviandika mwenyewe usiku, kwa mwandiko ambao hata mimi asubuhi siusomi. Nilimwomba kijana akae dukani asubuhi tu, kwa malipo, aniwekee hesabu sawa. Alinijibu, kwa heshima zote, kwamba atapoteza muda kwa kuwa uzoefu wa dukani hautambuliki, kisha akaenda kujitolea katika ofisi fulani, ambako kwa miezi 5 amekuwa akitumwa kutoa nakala za barua. Nauli ya kwenda huko naitoa mimi. Mnisaidie kuelewa: mtu mwenye shahada ya uhasibu anapokimbia daftari la hesabu ili akabonyeze mashine ya nakala, ametumia muda wake vizuri?

Dada wa Tegeta

Shemeji, heshima yako. Umesema chakula humnyimi. Nauliza tu kwa kutaka kujua, kinapikwa na nani?

Shemeji Halisi

Kinapikwa na mke wangu, ambaye naye anafanya kazi, na wakati mwingine na mimi mwenyewe, hasa Jumapili. Hata hivyo dada, hilo si swali nililouliza.

Dada wa Tegeta

Ndiyo, ila kijana wa uhasibu hayumo katika orodha ya wapishi. Nimelisikia jibu, nakushukuru.

Fundi Shahada

Shemeji Halisi, mwambie kijana asome hapa. Nina shahada ya sayansi ya siasa. Nilisubiri miaka 2, kisha nikajiandikisha VETA, chuo cha ufundi stadi, kozi fupi ya umeme wa majumbani, nikakaa benchi moja na vijana wa darasa la saba walionizidi kila kitu isipokuwa Kiingereza. Siku ya kwanza ya kupitisha waya kwenye mabomba ya dari nilipitisha nyaya tatu za rangi moja, mwalimu akazivuta zote nje, akaniambia niende nikamweleze Plato, yule mwanafalsafa wangu wa siasa, waya ipi ni ya moto. Leo nalipwa kwa pointi: kila soketi, kila swichi na kila taa ina bei yake, na wiki nzuri hunipa zaidi ya ile posho ya mwezi ya dada wa Tegeta. Kujitolea kwangu kulikuwa kwa fundi aliyenibeba miezi 4 bila malipo, lakini alinilisha, na alinifundisha kitu ambacho siku ya pili niliweza kukiuza. Ofisi inayokupa mafaili ya kubeba haikufundishi kitu cha kuuza.

Tena tusisahau Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Miaka 2 baada ya kumaliza chuo unatakiwa uanze kurejesha, uwe umeajiriwa au umejiajiri, na kila mwaka wanaongeza ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha. Unajitolea huku deni linavimba.

Msomaji wa Magomeni

Asilimia 6 ilifutwa 2021, pamoja na ile adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa. Iliyobaki ni kukatwa asilimia 15 ya mshahara ukishaajiriwa. Mengine uliyoyasema ni sawa.

Fundi Shahada

Nashukuru kwa habari hiyo, nilikuwa silali vizuri bila sababu.

Mkongwe wa Kihonda

Na mikopo ya halmashauri mbona hamuitaji? Asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, na haina riba. Mnalia nauli huku fedha zipo.

Kijana wa Nzega

Mzee, lazima muwe kikundi. Mimi na mtoto wa miaka 6 hatuhesabiki.

Mhasibu wa Mtaa

Naona tumefika Plato na bado sijajibiwa. Mleta mada, uliposema ulijitolea miezi 14 nilikuuliza hesabu ya shilingi milioni moja na ushee ilitoka wapi, ukajibu kuhusu shemeji wa mfano. Nakuuliza tena kwa adabu, wala simaanishi kukuumbua: katika miezi hiyo ulikuwa unalala wapi, na nauli alikupa nani?

Mtumishi wa Makulu (mleta mada)

Swali lako si baya, na nililiruka kwa kuwa niliona linatutoa kwenye mada. Sikuwa na haja ya daladala mbili, kwani ofisi ilikuwa umbali wa gari moja kutoka nilipokuwa nikiishi. Nilikuwa nikikaa Area D, Dodoma, kwa dada yangu, na mume wake, ambaye ni dereva, alikuwa akiniachia 2,000 juu ya friji kila asubuhi kabla ya kutoka, bila kunisemesha, siku za Jumamosi pia ingawa Jumamosi sikuwa na kazi. Za Jumamosi nilizitunza, ndizo zilizonunua viatu nilivyovaa kwenye usaili. Kwa hiyo ndiyo, kuna mtu alikuwa akigharamia. Bado naamini kwamba nisingejitolea nisingelijua lile dokezo. Ila neno la rimoti nalifuta, na namwomba radhi Kijana wa Nzega.

Kijana wa Nzega

Nimepokea. Fundi Shahada, hiyo kozi ya umeme inafundishwa na jioni, au mchana tu? Asubuhi huwa nampeleka mtoto shule.