TAARIFA YA WATOTO "ICHUKULIWE KAMA IMESOMWA"?! Mheshimiwa, Mungu anakuona

Wakuu, nimetoka ukumbini sasa hivi, mikono inatetemeka, herufi zikirukaruka mnivumilie.

Nipo kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata, hizi zilizokuja na MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Hatulipwi. Leo nilikwenda kusikiliza baraza la madiwani kwa sababu taarifa ya ustawi wa jamii ya robo hii imebeba kesi za kata yetu, tulizozisindikiza wenyewe mpaka dawati la jinsia la polisi.

Yule bwana diwani mnamjua, simtaji. Kitambi kiliingia kwanza, watu wakasimama kwa heshima, nusu saa baadaye akafika mwenyewe. Asubuhi nzima ana hoja moja: ziara ya mafunzo. Posho ya ziara. Gari la ziara. Nani akae siti ya mbele kwenye gari la ziara. Kaongea mpaka feni ikachoka ikazima. Hakuna aliyemkatiza.

Ikafika zamu ya afisa ustawi. Dada wa watu kata zote zinamtazama yeye, pikipiki hana, akiitwa kwa mtoto aliyepigwa anapanda bodaboda kwa hela yake. Kasimama na makabrasha, kafungua ukurasa wa kwanza, hata "Mheshimiwa Mwenyekiti" haijamtoka vizuri, yule bwana kawasha maiki: "Mwenyekiti, muda umekwenda, taarifa hii ichukuliwe kama imesomwa."

ICHUKULIWE KAMA IMESOMWA!

Wenzake wakagonga meza. Wanaoafiki? Ndiyooo! Imekwisha. Dada akakaa na makabrasha yake mapajani. Mle ndani kuna watoto waliotelekezwa na baba anayejulikana mpaka duka analokunywea chai. Kuna makao ya watoto tunayoyalalamikia, hayajakaguliwa.

Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 94, imeweka wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Siyo kwa wafadhili. Ni kwa hao hao waliogonga meza! Ndio wanaopitisha bajeti, ndio wa kumbana mkurugenzi aseme fungu la ustawi limetoka au halikutoka. Taarifa hujaisikia, utambana kwa lipi?

Na alishanyanyuka kabla ya "ndiyo" kwisha, kwa sababu mlango ulifunguka na harufu ya pilau ikaingia. Nimemwona kwa macho yangu. Ukurasa wa kwanza, wakuu!

---

Kiroba Cha Mkaa: Kata gani? Kwa maelezo hayo nina madiwani wanne ninaowafahamu.

Mleta uzi: Mnamjua.

BinadamuTu: Kitambi kimesimamiwa 😂😂 nimecheka peke yangu kwenye daladala, konda ananiangalia.

Jembe la Mpini: Mleta uzi sema ukweli, ulikosa pilau ndiyo maana una hasira.

Mleta uzi: Hata maji yao sikugusa! Wewe unawaza pilau, mimi nawaza mtoto aliyelala njaa. Ndiyo mnavyowachagua watu wa aina yenu.

Jembe la Mpini: Lilikuwa la nyama au la kuku?

Mtumishi Mstaafu: Tuache jazba. Taarifa haiendi barazani ikiwa mbichi, inaanzia kamati ya kudumu ya elimu, afya na maji. Huko ndiko inakochambuliwa, barazani inapitishwa tu. Utaratibu huo upo miaka yote.

Mleta uzi: Asante mzee wangu, sasa niulize mwenyekiti wa kamati hiyo ni nani. NI YEYE YULE! Kaichambua saa ngapi?

Mtumishi Mstaafu: Hapo sina la kusema.

Chozi la Samaki: Mimi ni afisa ustawi, halmashauri nyingine. Tumewekwa divisheni moja na afya na lishe. Hela ikiingia, dawa na majengo kwanza, sisi tunaambiwa tusubiri. Nimesubiri mpaka nimezaa. Huyo dada mpeni pole yangu.

Mpiga Debe: Pigeni 116, simu ya mtoto, ni bure.

Kiroba Cha Mkaa: Na ukipiga, kesi inarudi kwa nani? Kwa huyo huyo dada asiye na pikipiki.

Mama Vikoba: Mnalilia taarifa, sisi je? Mikopo ya vikundi, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Mwaka 2023 wakasimamisha, 2024 wakasema imerudi. Kikundi chetu tumejaza fomu mpaka kalamu za dukani zimeisha.

BinadamuTu: Nne za vijana? Katibu wa kikundi cha vijana mtaani kwetu ana wajukuu.

Shamba la Bibi: Afadhali nyie mna fomu. Njooni muone orodha ya TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, ya kijiji chetu. Kaya maskini namba moja ina madishi mawili na trekta. Bibi yangu anayelala kwenye nyasi kaambiwa hakidhi vigezo!

Mama Vikoba: Trekta?? Kwetu ni Noah mbili.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye watoto. Kafungua ukurasa wa kwanza, wa KWANZA, halafu

Jembe la Mpini: Tumesikia, ichukuliwe kama imesomwa 😂

Chozi la Samaki: Jembe, huna adabu.

Mpiga Debe: Mkimaliza TASAF tuongelee choo cha stendi. Mia tatu unalipa, maji hakuna, mlango unaushika kwa mguu.

Shamba la Bibi: Mia tatu? Kwetu mia tano, na mlango wenyewe hakuna.

BinadamuTu: Mama Vikoba, hiyo fomu mliichukua kwa mtendaji au maendeleo ya jamii? Na mimi nina kikundi.

Mama Vikoba: Maendeleo ya jamii. Nenda asubuhi sana, saa nne wanafunga dirisha.